Mshahara wa Huyu Unatoka Wapi?

Mwanangu, sikukatazi kusema. Baba yako alikuwa msemaji na babu yenu msemaji kumzidi, kwa hiyo nikikukataza nitakuwa nagombana na damu. Ninachokuomba ni dakika chache za masikio yako kabla hujaitoa tena simu mfukoni kunionyesha nani leo kamwambia nani nini kule Westminster. Miaka niliyokaa Leicester imetosha kunichosha na mambo hayo. Ila wewe ni mtoto wa kaka yangu, na nikinyamaza mimi, sijui nani mwingine hapa atakwambia.

Kila ukija una jipya. Mara Starmer wa chama cha Labour hafai, mara Farage wa chama cha Reform ataizamisha nchi, mara BBC wamenunuliwa. Mawaziri wakuu waliopita tangu kura ya Brexit unawataja kwa foleni kama wachezaji wa Arsenal: Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak. Huyo Truss ndiye aliyekufurahisha kuliko wote, maana alikaa siku 49 tu, na Daily Star, gazeti la udaku, likaweka letusi yenye wigi mbele ya kamera tuone nani ataoza kwanza. Ukawa unanitumia picha za letusi asubuhi na jioni. Nikakuuliza: hiyo bajeti iliyoletwa na waziri wake wa fedha Septemba 2022 ilikuwa na nini hata riba za mikopo ya nyumba zikaruka vile? Ukacheka, ukaniuliza chai iko wapi. Bajeti ile ilikuwa inapunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo litazibwa na nini. Wanaoikopesha serikali wakaingiwa na hofu, na jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye mkataba wake na benki ulikuwa unakwisha mwaka ule, akaanza kuhesabu kama nyumba itabaki yake. Hilo halikuvaa wigi, ndiyo maana halikukufikia.

Babu yenu alikuwa karani wa magunia bandarini Mombasa, na redio yake ilikaa dirishani watu wa kibarazani wapate kusikia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na miaka hiyo hiyo Redio Cairo nayo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, ikimsema Mwingereza bila kupumua. Babu akizisikiliza zote mbili. London wakisema jambo, anainua kidole: "Mshahara wa huyu unatoka wapi?" Cairo wakisema, kidole kile kile, swali lile lile. Alijua kuwa matangazo ya London yanalipiwa na serikali ya Uingereza, na alijua Cairo ni kwa Nasser, rais wa Misri. Wala hakuzima redio. Alichukua huku, akachukua kule, na mengine akayaacha pale pale barazani.

Wewe umezaliwa na habari mkononi, na swali hilo sijawahi kulisikia kinywani mwako.

Chukua gazeti la The Sun. Rupert Murdoch alilinunua mwaka 1969, na mwaka 1981 akaongeza The Times na The Sunday Times. Mwaka 1992, Conservative waliposhinda uchaguzi ambao wengi walidhani ni wa Labour, The Sun lilijisifu ukurasa wa mbele kwamba ushindi ule ni kazi ya mikono yake. Machi 1997 gazeti lile lile likatangaza kwamba liko na Tony Blair wa Labour. Wewe husema Murdoch ndiye anayeweka serikali na kuiondoa. Mimi hapo sikufuati. Machi 1997 hata dereva wa basi letu alijua Blair anashinda. Murdoch aliona maji yanaelekea wapi akapanda mtumbwi. Nguvu ya watu kama yeye naiona kwingine: waziri kulala akiwaza ukurasa wa kesho asubuhi. Akishafika hapo, hahitaji kupigiwa simu na mtu.

Ukitaka kujua ukurasa mmoja unaweza kuwafanya nini watu, wacha habari za uchaguzi, nenda Liverpool. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba nyuma ya goli mpaka wakakosa pumzi. Waliokufa ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Siku nne baada ya msiba, watu hata hawajazika wote, The Sun chini ya mhariri wake Kelvin MacKenzie likatoka na ukurasa wa mbele uliodai kwamba huo ndio ukweli: eti mashabiki waliwaibia maiti mifukoni, eti waliwakojolea polisi waliokuwa wakiokoa. Maneno yale yalitoka kwa polisi na kwa mbunge mmoja, yakapita wakala wa habari, yakaingia mtamboni. Yalikuwa uongo. Jopo huru lilisema hivyo mwaka 2012, na mwaka 2016 jopo la wananchi mahakamani likaamua kwamba wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Hebu hesabu mwenyewe, kutoka 1989 mpaka 2016. Kuna mama aliyeanza kesi ile akiwa na nywele nyeusi. Na watu wa kawaida wa mji, waliokuwa hawana kesi wala wakili, waliacha kulinunua gazeti lile. Hawakutangaza mara moja wakasahau, waliacha kweli. Mpaka leo maduka mengi ya Liverpool hayaliuzi. Mtoto aliyezaliwa baada ya msiba anafundishwa na bibi yake gazeti gani haliingii nyumbani. Ninapokusikia ukifoka kwamba magazeti yameiharibu nchi, huku kidole chako kinafungua habari zao kumi kwa siku ili upate cha kukukasirisha, nawakumbuka watu hao. Kila unapozifungua, mwenye gazeti anahesabu. Hajali umefungua kwa mapenzi au kwa chuki, tangazo limeonekana.

Najua utarukia hapo. "Si ndiyo nisemavyo, Shangazi, wote waongo!" Hapana, baba. Kusema wote waongo ni kujipunguzia kazi ya kusoma. Mwezi Mei 2009, Computer Weekly, jarida la mambo ya kompyuta ambalo wewe hungeligusa, liliandika habari za wasimamizi saba wa posta ndogo za mitaani. Programu inayoitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilikuwa ikionyesha kwamba pesa zimepungua dukani, na Posta ikiamini mashine kuliko mtu. Wamo waliouza nyumba kulipa deni ambalo halikuwapo, wamo waliofungwa. Kwa miaka ile yote waliotiwa hatiani walipita 900. Waandishi wachache waliikamata habari ile wasiiachie, na Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake kule Llandudno, akawa anakusanya wenzake mmoja mmoja. Nchi ilikuja kushtuka Januari 2024, ITV walipoigiza kisa kile kwenye televisheni. Kufika Mei, Bunge limekwisha pitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Kashfa ya Windrush, wazee wa Karibi kutendewa kama wahamiaji haramu katika nchi waliyoishi kihalali, nayo ni hivyo hivyo: bila Amelia Gentleman wa The Guardian kuwafuata wazee wale wa Karibi nyumbani kwao, waziri wa mambo ya ndani Amber Rudd asingejiuzulu Aprili 2018.

Usiku wa ule mchezo wa ITV ulinipigia simu unalia. Nilifurahi, maana moyo wako ni mzuri. Lakini tangu nikujue hujalipia habari hata peni moja. Basi jiulize la babu: kama hulipi wewe, anayelipa ni nani, na yeye anataka nini kwako?

Sasa nije kwenye simu yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa Southport kwenye darasa la kucheza dansi. Kabla ya jua kuchwa, jina la muuaji lilikuwa limeenea: jina la Kiislamu, eti mwomba hifadhi aliyeingia kwa mashua. Jina lile lilikuwa la kutunga. Kijana yule alizaliwa Cardiff, na wala hakuja kwa mashua yoyote. Kesho yake jioni watu wakauvamia msikiti wa Southport kwa matofali, na tarehe 4 Agosti wakajaribu kuchoma hoteli karibu na Rotherham, watu wakiwa ndani. Jina lile nililipata kwako. Wewe, Muislamu, mtoto wa Mombasa, ulinitumia ukiuliza, "Shangazi, umeona haya?" Nilipokuuliza umelitoa wapi ukaniambia lisemwalo lipo. Waliobeba matofali nao walikuwa na hakika kama hiyo.

Kwenye ukurasa wa The Sun angalau jina la mhariri lilikuwapo, watu wa Liverpool wakajua wamlaumu nani. Aliyetunga jina lile la Southport unamjua?

Kuna mzee mmoja wa Kihindi pale Belgrave Road, ninakonunua mihogo, bado ananihesabia chenji kwa Kiswahili cha Kampala. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije huku, mji umejaa. Mzee anasema tangazo lile ndilo lililomjulisha kwamba duniani kuna mji unaitwa Leicester. Leo huyo huyo anapigia Conservative kura na analalamika juu ya mashua. Ulipomsikia ukamwita msaliti, kama unavyomwita Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, na Priti Patel wa wazazi wa Uganda, na Suella Braverman ambaye baba yake alitoka Kenya. Mimi mwenyewe ule mpango wao wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda niliuchukia, na Mahakama ya Juu ya nchi hii ilisema Novemba 2023 kwamba ni kinyume cha sheria. Lakini ulikuwa unajua, ulipomvunjia mzee heshima, kwamba sheria ya 1968 ya kuwafungia mlango Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasipoti za Uingereza ilipitishwa kwa siku tatu, na serikali ya Labour, Callaghan akiwa waziri wa mambo ya ndani? Sasa unataka aipende Labour kwa lipi? Mbishie habari za mashua, anazo hoja na wewe unazo. Ngozi yake usiiingize. Na wiki ijayo upite dukani umwombe radhi.

Lililoniuma kuliko yote ni la mwaka 2025, ulipokuja unalia na takataka za Birmingham, mifuko imelundikana mtaani kwenu, panya wanapita mchana, na ukasema huyu Starmer bwana. Kuzoa taka ni kazi ya baraza, mwanangu. Baraza lenu lilitangaza Septemba 2023 kwamba haliwezi kukidhi matumizi yake, kwa madai ya wanawake waliokuwa wakilipwa chini ya wanaume na kwa mfumo mpya wa kompyuta uliokula pesa bila kufanya kazi. Aprili iliyofuata kodi ya baraza ikapanda karibu asilimia 10. Wazoa taka waligoma kabisa kuanzia Machi 2025 juu ya mishahara yao. Yote hayo yaliandikwa. Nikakuuliza jina la diwani wako. Ukanitajia majina ya madiwani wa Reform wa mji ambao hujawahi kukanyaga.

Nikasema basi, angalau ulipiga kura. Ukanijibu, "Shangazi, mimi si raia, nina pasipoti ya Kenya, kura sina." Nilikaa kitako. Usiku ule wa Julai 2024 ulikesha unanieleza dhuluma: Labour wamepata viti 411 kwa asilimia 34 ya kura, Reform wamepata asilimia 14 na viti vitano, na watu wawili katika kila watano walioandikishwa hawakutoka. Na wewe ulikaa nyumbani kama wao! Mkenya anayeishi hapa kwa kibali ana kura, ya Bunge na ya baraza, kwa kuwa Kenya imo katika Jumuiya ya Madola. Mtanzania anayo, Mganda anayo, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Rafiki yako Mkongo ndiye hana, na ndiye anayejua jina la diwani, kwa sababu alikwenda kumwona habari za unyevu kwenye kuta za nyumba yake.

Kujiandikisha ni kwenye simu hiyo hiyo, utatakiwa kutoa nambari yako ya bima ya taifa na anwani. Ukishapata jina la diwani, mwandikie habari za taka, barua fupi, bila kumtaja Starmer. Siku ya kura wanataka kitambulisho chenye picha tangu 2023. Mimi kadi yangu ya basi ya wazee inanitosha. Vijana wa London kadi zao za usafiri zinakataliwa, jambo ambalo ungeweza kulipigia kelele ukipata nafasi. Pasipoti ya Kenya wanaipokea. Hata iliyokwisha muda kama yako wanaipokea, mradi sura iwe bado inafanana, kwa hiyo na hizo ndevu ulizofuga tangu ile picha, nenda mapema, karani apate wasaa wa kukutazama vizuri.