Ulimi wa Mwimbaji

Nyimbo za Kinshasa huchezwa hata kwetu Salamabila. Je, mwimbaji mashuhuri ana ruhusa ya kusema lolote, mradi watu wacheke? Mwaka 1978 serikali ya Zaire ilimfunga Franco Luambo kwa sababu ya nyimbo chafu. Mwaka 1987 Franco yuleyule alitunga wimbo wa kuwaonya watu juu ya ukimwi. Ulimi mmoja, kazi mbili. Mwaka 2021 wakaguzi walikataza wimbo wa kikundi cha MPR uliosimulia taabu za nchi; punde wakauruhusu. Basi tusichanganye mambo: kumkumbusha mkubwa wajibu wake si tusi, kumvunjia mwanamke heshima si mchezo. Kabla ya kucheka tujiulize: ni nani anayelia?