Mita Moja, Kaya Sita

Nani alipe kiasi gani kwa umeme? Swali hili huachiwa mafundi na wachumi, ilhali ndani yake mna jambo la kale la maadili: kitu kinachohitajiwa na kila mtu kigawanywe vipi ili asiwepo anayeonewa. Tanzania imekwisha kutoa jibu lake. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo huwekwa daraja la D1. Analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa T1, daraja walilomo wakazi wengi wa mijini, analipa 292 tangu uniti ya kwanza. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, uniti ya D1 inafika shilingi 122 na ya T1 shilingi 356 na ushei. Ndiyo maana uniti 75 zilezile mmoja anazipata kwa 9,150 na mwenzake anazitolea zaidi ya 26,700.

Tofauti hiyo yenyewe si dhuluma. Aristotle alifundisha kwamba haki katika kugawana haimaanishi wote kupata sawasawa; walio sawa watendewe sawa, na wasio sawa watendewe kwa kadiri ya tofauti yao. John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, alikaza zaidi: kutolingana kunakubalika pale tu kunapomfaa aliye chini kuliko wote. Kwenye karatasi, D1 inafaulu mitihani yote miwili, na walioibuni wanastahili heshima kwa hilo. Lakini ikifika mtaani inaanguka, kwa sababu inamtafuta maskini kwa kuhesabu mita, na maskini wa mjini hana mita. Ana chumba.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kama zilizojaa Manzese, Tandale au Buguruni jijini Dar es Salaam: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na bafu la wote, na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ukutani. Kila chumba kina kaya yake, yenye balbu, feni, runinga ndogo na simu za kuchaji. Tuseme kila kaya inatumia uniti 25 kwa mwezi, yaani theluthi tu ya kikomo cha D1. Mita lakini haijui habari za kaya. Inaona uniti 150, na mteja wa uniti 150 mahali pake ni T1. Basi kila chumba kinatoa shilingi 8,906 kwa uniti zake 25. Wakati huohuo mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake, mwenye mita ya D1, akitumia uniti 70 analipa 8,540. Ametumia karibu mara tatu ya mpangaji, na bado kalipa pungufu. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge imempita mlangoni ikaingia kwa jirani mwenye nafasi zaidi, na hakuna aliyevunja sheria yoyote.

Ushauri wa kubana matumizi nao ukifika katika nyumba hii unapinda. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati elfu moja zikiwaka saa moja ni uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima imekula uniti. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, inakula uniti 9; ya LED ya wati 9, kwa saa hizohizo, haifiki uniti moja na nusu. Mwenye mita yake ya T1 akibadilisha balbu hiyo moja anaokoa kama shilingi 2,725 kwa mwezi. Mpangaji naye je? Desturi ya nyumba nyingi ni kuchanga sawa kwa sawa, kila chumba kitoe buku kadhaa luku ikiisha. Akibadilisha balbu kwa pesa yake, akiba inagawanywa kwa sita, naye anabaki na shilingi 454. Upande wa pili yupo anayechemsha maji ya kuoga kwa hita kila alfajiri na kuacha sabufa ikiunguruma mchana kutwa. Huyo analipa sehemu moja ya gharama yake, sehemu tano wanamlipia wengine. Mpango wa namna hiyo unamtoza mwangalifu na kumtunza mfujaji, na tusishangae wapangaji wakiishia kugombana kwa ajili ya friji.

Hapa ndipo mafundisho ya dini yanaposema jambo ambalo bei peke yake haiwezi kulisema. Waislamu wanafundishwa kuchukia israfu, na Wakristo wanafundishwa kuwa mwanadamu ni wakili tu wa mali aliyokabidhiwa. Mara nyingi tunayasikia mafundisho hayo kana kwamba yanamhusu mtu na Mola wake tu: umepewa neema, usiichezee. Katika nyumba ya mita moja ufujaji unavuka mpaka huo. Hita inayowaka bila sababu inakula mchango wa mama wa chumba cha pili, aliyekuwa amepanga pesa hiyo iwe ya unga. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautisha tangu zamani haki za Mungu na haki za waja, wakaeleza kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Kwa kipimo hicho, umeme unaofujwa kwa mchango wa wote ni deni, na deni lina mwenyewe.

Wapo watakaosema: wamekubaliana wenyewe kuchanga sawa, sasa dhuluma iko wapi? Makubaliano yana uzito pale mtu anapokuwa na njia nyingine. Mpangaji aliyekwisha kutoa kodi ya miezi sita mbele, akakuta utaratibu wa luku umepangwa kabla hajafika, hakuchagua. Alikubali ili alale ndani. Hata hivyo hoja hiyo ina ukweli wake, kwamba makubaliano yanaweza kurekebishwa. Nyumba zinazochanga kwa vifaa, mwenye friji akaongeza chake na mwenye balbu tupu akapunguziwa, zimekaribia haki zaidi. Zilizofunga mita ndogo kila chumba zimekaribia zaidi ya hapo, ingawa hata hizo zinagawa bei ya T1 tu. D1 haziwezi kuirudisha.

Wengine watasema siku hizi umeme upo wa kutosha. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Kubana tena kwa nini? Ipo hadithi inayojulikana sana misikitini, ya Mtume kumkanya sahaba asifuje maji ya udhu hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Mto hauwezi kukauka kwa udhu wa mtu mmoja, kwa hiyo sababu ya katazo haikuwa uhaba. Na wingi wa megawati bwawani haujapunguza hata senti moja katika uniti inayonunuliwa Tandale. Ila kubana kusichanganywe na kujinyima. Jiko la presha la umeme linaweza kuivisha sufuria ya maharage kwa takriban nusu uniti, yaani kama shilingi 178 kwa bei ya T1. Kumwambia mama aachane nalo arudi kwenye mkaa kwa jina la kubana matumizi ni kumpotosha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mapato: wapangaji wote wakihesabiwa kwa kaya na kupewa D1, nani ataziba pengo? Na mitaa itahakikishaje idadi ya kaya bila udanganyifu? Pengo ni la kweli. Lakini leo nyumba ya Masaki yenye viyoyozi kila chumba inalipa 292 ileile kwa uniti, sawa na chumba cha Tandale. Kama mzigo lazima ubebwe, mabega mapana yapo, na ngazi ya bei ndani ya T1 ingeyafikia. Kenya ilipopunguza kikomo cha nafuu kutoka uniti 100 hadi 30 mwaka 2023 ilionyesha kwamba mipaka hii ni maamuzi ya watu na inaweza kusogezwa, japo huko nako kilichoendelea kuhesabiwa ni mita. Kuhusu udanganyifu, serikali za mitaa ndizo zinazowaandikia wakazi barua za utambulisho kila siku; kujua nyumba ina kaya ngapi hakuzishindi. Kinachoshinda ni gharama ya kila kaya kuwa na mita yake: kijijini mtu anaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, mjini kwa zaidi ya 300,000, na hakuna mpangaji atakayetoa fedha hizo kwa ajili ya ukuta usio wake.

Kisha kuna kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Inakatwa kwa yeyote aliyeweka pesa mwezi ukianza, na kwa kawaida huyo ni yule ambaye luku imeisha zamu yake ikiwa imefika. Kulirekebisha hilo hakuhitaji sheria mpya wala mita mpya: risiti ya manunuzi inaonyesha makato hayo wazi, na mpangaji akiipeleka kwa mwenye nyumba siku ya kulipa kodi ya chumba, zile 1,500 zipunguzwe palepale.