MAUMIVU YAKIRUDI, JE, MUNGU AMEKUACHA?

Rafiki kijana, simama kidogo usome. Karatasi hii haikudai hata senti.

Labda una siko seli, ugonjwa unaoitwa pia seli mundu. Au anao mdogo wako. Wiki mbili uko mzima, unavua kamba, unacheza mpira. Ghafla usiku mifupa inaanza kuuma: mgongo, miguu, kifua. Unalia kama mtoto. Watu wanasema, "Si juzi tu alikuwa mzima? Huyu karogwa!" Mwingine anasema, "Hana imani."

NATUBU MBELE YAKO
Hata mimi mwinjilisti niliwahi kukosea hivyo. Tulimwombea kijana mmoja hapa deltani, maumivu yakakoma. Nikamwambia, "Umepona, acha vidonge." Akaniamini. Hazikupita wiki tano, maumivu yakarudi pamoja na homa. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imekaa kwenye tope. Tulingoja mpaka alfajiri maji yajae, ndipo tukatoka Maparoni kwenda Nyamisati. Usiku ule hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwinjilisti, kwani Mungu amenikataa?" Sikuwa na jibu. Ashukuriwe Mungu, alipata nafuu hospitalini na yu hai. Lakini mimi nilitubu.

UKWELI NI HUU
Siko seli si uchawi wala laana. Unazaliwa nayo, umeirithi kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe ni wazima. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu wa kukatia mpunga, zinaziba mishipa midogo. Ndiyo maana unaumwa. Katika Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Hauko peke yako!

Maumivu yatakaa muda gani? Mara nyingine saa chache, mara nyingi siku kadhaa hata wiki, na kwa wengine huzidi hapo. Halafu hupungua. Yakirudi, si kwamba umetenda dhambi fulani. Kukosa maji mwilini, baridi, malaria, kuchoka sana, vyote huweza kuyaamsha. Basi kunywa maji mengi. Lala ndani ya chandarua. Ukitoka majini jifute, jifunike. Usiache foliki asidi wala dawa uliyoandikiwa. Muulize daktari habari za haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

Ukipata homa, kifua kubana, kupumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili kulegea, USINGOJE IBADA IISHE! Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Tutaomba ndani ya mashua.

BIBLIA INASEMAJE?
Timotheo alikuwa kijana, mtumishi wa Mungu, naye aliugua mara kwa mara. Je, Paulo alimwambia imani yake ni ndogo? Hapana! Alimpa shauri la kusaidia tumbo lake (soma 1 Timotheo 5:23). Na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, ila alipewa neema ya kuuvumilia (2 Wakorintho 12:7-10). Je, Mungu aliwaacha watu hawa? Hapana!

Mungu anaponya, naamini kwa moyo wangu wote. Lakini Yesu niliyekutana naye si wa siku ya kupona peke yake. Usiku wa maumivu yuko. Mashua ikikaa kwenye tope, yuko. Marafiki wa mpira wakichoka kukutembelea, yeye hachoki.

Na wewe uliye mzima, kijana, nguvu zako unazitumia wapi? Ulimcheka nani anayeugua? Umewahi kumbebea hata ndoo ya maji? Tubu leo! Usiseme kesho.

Kama unataka kumpokea Yesu, sema naye hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimechoka na ninaogopa. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu. Ukiniponya nitakushukuru, na maumivu yakirudi usiniache. Amina."

Umeomba? Basi hauko peke yako tena. Sasa kunywa maji, meza dawa yako, ulale. Kesho mpe mwenzako karatasi hii.