Hadithi za Mapenzi Zilizo Safi: Usafi Wake Ni Upi?



Nina jambo nataka kuwaeleza, nalo lanihusu mimi kabla ya kuwahusu nyinyi, kwa hivyo msidhani nimekuja kuwasomea khutba. Usiku mmoja, baada ya swala ya isha, mke wangu alinijia na kitabu alichokiokota chini ya mto wa binti yetu. Kitabu chembamba, kurasa 120 hivi, cha Kiingereza, kimechakaa kwa kupita mikono mingi. Juu ya jalada pamechorwa duka la mikate na wasichana wanne wanacheka. "Tazama mwanao anachosoma," akaniambia. "Ni cha mapenzi." Akakiweka juu ya meza akarudi jikoni, maana yake kazi ni kwangu.

Binti yetu ana miaka 22. Na katika mtoto wa meza ile ile mlikuwa na barua ya posa yake, ya siku tisa, ambayo nilikuwa karibu kuijibu. Barua hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Nilikuwa tayari kukitia kitabu motoni. Lakini nikaona haya kuhukumu nisichokisoma. Hata kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Nikavaa miwani nikakaa nacho. Nilikimaliza saa saba za usiku, na niseme kweli ingawa ni aibu kwa mtu wa umri wangu, palikuwa na mahali nilishindwa kukiweka chini.

Vitabu hivi vina ukoo wake. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na wengi wetu twawakumbuka dada zetu wakipokezana vitabu vyake shuleni, wamevivika jalada la daftari la Jiografia. Huko Kanada ikazuka kampuni ya Harlequin mwaka 1949, ikaanza kuvipiga chapa vitabu vya Mills & Boon mwaka 1957, na mwaka 1971 ikainunua kampuni yenyewe. Katika miaka ile ya mwanzo mke wa mwenye Harlequin alikuwa akivisoma kwanza, na visivyo na staha akivikataa. Baadaye mambo yakageuka. Kuanzia miaka ya 1970 mlango wa chumba cha kulala ukafunguliwa kidogo kidogo katika riwaya za namna hii, na leo ziko ambazo hazisemeki mbele ya watu. Ndipo wasomaji wasioyataka hayo, wengi wao kina mama Wakristo wa Marekani, wakadai vitabu vyao, na wachapaji wakavitoa na kuvitangaza kwa neno hili hili: safi. Aghlabu ni visa vifupi vya mfululizo. Marafiki wanne au watano, na kila mmoja ana kitabu chake cha kupata mchumba.

Hiki cha binti yangu kilikuwa cha tatu. Wasichana wanne waliosoma pamoja wana duka la mikate katika mji mdogo wa milimani. Mmoja wao, mwenye kushika hesabu za duka, anampenda seremala aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni, ambaye amerudi mjini baada ya kukaa mbali miaka sita. Hakuna tusi katika kitabu kizima. Hakuna pombe. Anamtaka kwa ndoa, na kwa ndoa kinaisha.

Je, ni safi? Mwenye kutaka jibu la haraka analo. Katika sura moja theluji inawafungia wawili hao dukani usiku kucha, mmoja akalala juu ya magunia ya unga na mwengine kwenye kiti. Hawakugusana, na kwa mama wa Marekani hilo latosha. Kwetu sisi faragha yenyewe ya ajinabi na ajinabi ndiyo iliyokatazwa, wagusane wasigusane. Lakini hili kila mtoto wa chuoni alijua, na binti yangu alijua pia. Wala silo lililonitaabisha.

Lililonitaabisha ni kwamba nilisoma kurasa zote zile nikiwatafuta watu wa yule msichana, nisiwaone. Baba yake amekufa kabla ya hadithi kuanza. Mama yuko mji wa mbali, anapiga simu mara mbili. Seremala naye hana mama wa kusema "huyu simtaki", hana mdogo wa kumlipia karo, hana shangazi aliyekasirika kwa kutoarifiwa. Bei ya unga haipandi. Wala hakuna ukurasa hata mmoja wa baada ya harusi, wakati sisi sote tulioowa na kuolewa twajua kwamba kazi huanza siku mahamri ya harusi yalipokwisha. Kama mna uchafu katika kitabu kile, mimi nauona hapo. Amewafuta watu ili mapenzi yapate kung'ara. Msichana akikisoma kisha akatazama nyumba yake iliyojaa wajomba na madeni na kelele za watoto, ataona mapenzi ni kitu kisichoweza kuingia humo.

Tazameni Qur'ani Tukufu ilivyofanya katika sura ya Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameiita kisa kilicho bora. Mle hamkufichwa kitu. Mna mwanamke aliyeshikwa na matamanio, mna milango iliyofungwa, mna kanzu iliyochanika kwa nyuma, mna mabibi wa mji waliojikata mikono kwa visu. Lakini mna na mume pia, mna shahidi, mna jela ya miaka, mna ndugu wenye husuda, na mna mzee aliyelia mpaka akapofuka. Kila tendo lina mtu aliyeumia kwalo au aliyeponea kwalo. Kwa hivyo usafi wa kisa hauji kwa kunyamaza tu. Nao wanavyuoni wetu wa kale hawakulikimbia jambo hili. Ibn Hazm wa Andalus, mtu wa fiqhi na ukali wa hoja, aliandika Tawq al-Hamama kiasi cha mwaka 1022, kitabu kizima juu ya mapenzi, na ndani yake ametenga mlango wa rafiki mwenye kusaidia, na mlango mwengine wa mjumbe.

Wako watakaosema: yote hayo ya nini, tuvichome tupumzike. Ndugu zetu wa Kano, kaskazini ya Nigeria, wamekwisha kulijaribu hilo. Huko wanawake wa Kiislamu huandika kwa Kihausa vijitabu vya mapenzi viitwavyo littattafan soyayya, vikauzwa sokoni kwa bei ya mtu wa kawaida. Bi Hafsat Abdulwaheed alitoa So Aljannar Duniya mwaka 1980, na baada yake wakaja wengi. Mmoja wao, Bi Balaraba Ramat Yakubu, aliozwa akiwa mtoto, akaachwa, akajifunza kusoma katika masomo ya watu wazima, kisha akaandika juu ya mabinti wanaoozwa kwa nguvu na wake wanaofukuzwa na waume zao. Mwaka 2007 Gavana Ibrahim Shekarau alisimamia uchomaji wa vitabu vya namna hiyo katika shule ya wasichana ya Kano. Vitabu havikwisha. Leo hadithi hizo huandikwa na kusomwa kwa simu, ambako kiberiti hakifiki. Mimi simlaumu mtu kwa kuilinda adabu ya watoto, ila najiuliza: msichana aliyesimama pale akitazama moto, swali lake la "nitaolewa na nani, nami nitaulizwa?" lilijibiwa na nani?

Sasa nirudi kwenye sura ya tisa, ambayo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mmoja wa wale marafiki, shoga yake mkubwa yule mwenye hesabu, anaona mwenziwe ameshaelemea kwa seremala. Hasemi kitu. Anapanda gari, anakwenda mpaka mji alikokaa yule kijana miaka sita, mwendo wa siku nzima. Anamtafuta mwanamke aliyempangisha chumba. Anamtafuta msimamizi wa kazi. Anauliza: akikasirika huwaje? Alipe analodaiwa? Aliondoka vipi? Akagundua kwamba aliondoka na deni la kodi ya miezi minne, na kwamba alilituma lote mwaka wa pili bila ya kudaiwa. Akarudi akamweleza mwenziwe yote mawili. Mwenziwe akakasirika, wakakaa wiki tatu hawasemezani, na huku wanakanda unga kwenye meza moja.

Nikakiweka kitabu, nikafungua mtoto wa meza, nikaitoa barua ya posa. Nikajiuliza: mimi, walii wa msichana huyu, nimeuliza nini juu ya kijana huyu? Najua anaswali safu ya mbele. Najua sauti yake ya adhana ni nzuri. Najua marehemu babu yake na babu yangu walisafiri jahazi moja. Basi. Amefanya kazi bara miaka minne, na katika siku tisa zile sikumwuliza hata mtu mmoja aliyekuwa naye huko.

Mnaijua khabari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyeletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe kuwa ni mwema. Akamwuliza: umepata kusafiri naye? Umepata kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Wewe ni jirani yake, wajua kuingia kwake na kutoka kwake? Kila swali jibu likawa hapana. Umar akamwambia labda alimwona msikitini tu, akiinua kichwa na kuinama, basi hamjui. Khabari hii mimi nimeifundisha watu. Nimeifundisha zaidi ya mara kumi.

Na hapa pana jambo ambalo watu wetu wa pwani, kwa uungwana wetu, tunalikosea sana. Tukiulizwa juu ya mchumba twasema "mtoto wa watu, hana neno", tukidhani kusema zaidi ni kusengenya. Bibi Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kutaka shauri kwa Bwana Mtume (S.A.W.), naye hakumwambia kuwa wote ni watoto wa watu. Alimwambia kwamba Abu Jahm haiteremshi fimbo begani, na Muawiya ni fakiri asiye na mali, kisha akamwelekeza kwa Usama. Walikuwa Maswahaba wale! Kasoro zao zikatajwa kwa kuwa palikuwa na mwanamke mwenye haki ya kuzijua. Hata ndoa ya Bwana Mtume na Bibi Khadija ilipitia kwa rafiki: Nafisa binti Munya ndiye aliyekwenda kumdodosa kwa nini haowi, na Bibi Khadija mwenyewe alikwisha kumjua kwa safari ya Sham na hesabu ya mali yake. Alimjua kwa uaminifu wake kwanza, moyo ukafuata. Msichana wa duka la mikate naye, kwa njia yake isiyo na adabu zetu, alikuwa akitafuta kitu hicho hicho: kumjua mtu kabla ya kumpa maisha yake. Katika hilo kitabu hakikusema uwongo.

Asubuhi nilimwita binti yangu. Alipokiona kitabu juu ya meza aliinamisha uso.

"Umekisoma, baba?"

"Nimekisoma."

"Chote?"

"Chote. Yule seremala hana mama."

Akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Kisha nikamwonyesha barua, nikamwambia siku ile ilipokuja nilikuuliza nawe ukanyamaza, nami nikauhesabu ukimya wako kuwa ni ridhaa, kama tulivyofundishwa kuwa kimya cha bikira ni idhini yake. Akaniambia, "Baba, nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema. Simjui." Wallahi nilikosa jibu. Khansa binti Khidam aliozwa na babake naye hataki, akamwendea Bwana Mtume, na ndoa ile ikarudishwa. Yeye alikuwa na ulimi wa kusema. Wangu mimi hakukataa wala hakukubali, nami nilikuwa nimeshachovya kalamu katika wino.

Sikuijibu barua. Nilipanda basi nikaenda bara, nikamtafuta mwenye duka aliyefanya kazi na yule kijana. Mzee wa kheri, akanikaribisha kahawa. Nilimwuliza juu ya fedha, akasema mkono wake ni mweupe, hajakosa hata senti. Nikamwuliza juu ya hasira. Akaitazama kahawa yake kwa muda, akasema, "Kijana mwema. Sisi sote ni wanaadamu." Nikamtajia khabari ya Fatima binti Qays, akatabasamu, akanimiminia kikombe cha pili.

Nimerudi na hilo, na nimemweleza binti yangu niliyoambiwa na nilipofika hawakuniambia. Alifikiri kidogo, kisha akaniomba ruhusa. Ana shoga yake aliyesoma darasa moja na dada wa kijana huyo, na dada huyo aliishi naye bara mwaka mzima. Kwa wanawake wenzao, alisema, watu hawamimini kahawa wakanyamaza. Mama yake alikuwa mlangoni akisikiliza, akaniangalia mimi.

Nikamwambia amtume. Shoga mwenyewe alipita nyumbani jana alasiri kuaga, na kitabu kile kimo mkobani mwake, maana zamu ya kukisoma sasa ni yake.