Vita vya Kagera na Swali la Haki

Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipovamia eneo la Kagera nchini Tanzania, Oktoba 1978, Tanzania ilipata haki ya kujilinda ambayo ni vigumu kuipinga. Rais Julius Nyerere, akitangaza vita mwezi uliofuata, alitaja sababu, nia na uwezo. Mambo mawili ya kwanza yamo katika masharti ya vita vya haki aliyoyaandika Thomas Aquinas katika karne ya 13; sharti jingine, mamlaka halali, rais alikuwa nalo.

Ugumu unaanzia mpakani. Mvamizi alikwisha kutimuliwa, lakini jeshi likasonga mbele hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, ilhali mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwaka huo huo, katika mkutano wa umoja huo mjini Monrovia, Nigeria na Sudan ziliilaumu Tanzania. Utetezi wa Tanzania kwamba Waganda walijikomboa wenyewe haukuwa na uzito. Bila Watanzania, Amin asingeng'oka. Hoja nzito ni nyingine: umoja huo haukumlaani mvamizi, naye angeweza kurudi. Machafuko yaliyofuata Uganda hayaubatilishi uamuzi wa kusonga mbele hadi Kampala, kwa kuwa uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana ulipofanywa. Kwa kipimo hicho, ulikuwa wa haki.