Aliyepigiwa Mzinga na Rafiki

Mimi nina usonji. Mtu akinikaribisha chakula kwa adabu tu, mimi nakaa kabisa na kunawa mikono. Ndiyo maana kisa cha Liuli, huku Ziwa Nyasa, hakinichekeshi kama kinavyowachekesha wengine.

Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Ikaja Gwendolen ya Waingereza, ikaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Kapteni Berndt alimfuata Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, kwa hasira: umelewa? Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akatekwa.

Jamani, Berndt alikosea nini? Kanuni ya urafiki ilibadilishwa Ulaya, yeye hakuambiwa. Sisi wenye usonji tunalaumiwa hivyo kila siku. Kwangu, mwenye deni ni yule anayejua akanyamaza.

Mama mmoja wa Mbamba Bay alilipa lake. Nilipokaa kwenye mkeka wake, alicheka: “Mwanangu, nilikukaribisha tu kwa mdomo. Ila umeshakaa, basi kula.”

Nilikula. Na sasa najua.