Mbali ni Wapi?

Tumezoea kusema: "Nimekitupa mbali." Lakini mbali ni wapi? Ukitupa mfuko wa plastiki nyuma ya nyumba yako hapa Lukafu, kwako mambo yamekwisha. Kwa mbuzi ndiyo kwanza yaanze. Mbuzi hajui neno takataka. Husikia harufu ya chumvi au ya samaki, huumeza, nao hausagiki. Hukaa tumboni, mwingine huongezeka, hata mnyama akakonda na tumbo limejaa.

Basi twende tukamwulize mchwa, yule ajengaye vichuguu vikubwa katika pori la miombo. Huokota nyasi zilizokufa na miti mikavu, huzitafuna, na kinyesi chake hukipanga ndani ya kichuguu kama shamba. Ukungu huota juu yake na kukilainisha, hata mchwa hukila tena. Mvua zikinyesha, uyoga hutokeza nje, nasi twauchuma. Kumbikumbi twawala pia, na udongo wa kichuguu twaufyatulia matofali. Kumbe twala jalalani kwa mchwa, wala hatuoni haya!

Mtu atasema: mchwa hana akili, hastahili sifa. Ni kweli, hawezi kutenda vingine. Sisi twaweza, na kwa sababu hiyo sisi ndio tunaoulizwa.

Tazameni Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ukatupwa angani, maana anga ilionekana kuwa tupu. Lakini pepo za kusini-mashariki ziliupeleka upande wa kaskazini-magharibi miaka mingi. Miti ikafa, udongo ukajaa shaba, na mahali pengine zimebaki nyasi chache ziwezazo kuivumilia. Hatusemi shaba isichimbwe. Imesomesha watoto wengi wa Katanga. Twasema tu kwamba moshi ule ulikuwa na mahali pa kushukia, napo palikuwa na wenyewe: ndege, nyuki, mizizi, na mchwa.

Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya Disemba 2017, na hata hivyo mwuza chumvi angali akiitoa sokoni. Tusimlaumu yeye peke yake, kwa kuwa mnunuzi naye hakuja na kikapu. Wazee wetu walifungia vyakula kwa majani ya mgomba, wakayatupa popote walipokaa, na mbuzi akayala akashiba.